Barua kwa mwanangu: kilichoiua SDP ya Uingereza

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza SDP (Social Democratic Party), chama cha siasa cha Uingereza, ilikufaje ilhali mwaka 1983, pamoja na mshirika wake, ilizoa robo ya kura zote. Kuna chama kidogo kinachotumia jina hilo hadi leo. Mimi nazungumzia kile cha 1981.

Kilitoka tumboni mwa Labour, chama cha mrengo wa kushoto. Januari 24, 1981, mkutano maalumu wa Labour pale Wembley uliamua kura za kumchagua kiongozi zigawanywe hivi: vyama vya wafanyakazi asilimia 40, wabunge 30, matawi ya majimboni 30. Kesho yake Roy Jenkins, David Owen, Shirley Williams na Bill Rodgers, mawaziri wa zamani wote wanne, wakatoa tamko lao Limehouse, nyumbani kwa Owen. Machi chama kikazinduliwa, kisha kikashirikiana na chama cha Liberal kwa kuachiana majimbo, kama vyama vya upinzani vya UKAWA vilivyofanya kwetu Tanzania 2015.

Sasa kaa na hesabu hii, maana kifo chenyewe kimo humu. Mwaka 1983 ushirika ulipata asilimia 25.4 ya kura, viti 23. Labour asilimia 27.6, viti 209! Ukigawanya, kiti kimoja cha Labour ni kura kama 40,000. Cha ushirika, 338,000. Ubunge wao ni kama wetu wa majimbo: anayeongoza jimboni amepita, hata kwa kura moja, na kura za waliobaki haziendi popote. Za Labour zilijaa kwenye miji ya viwanda na migodi. Za ushirika zilitapakaa nchi nzima, ukawa wa pili katika majimbo mengi mno. SDP yenyewe iliambulia viti 6, na Williams na Rodgers wakaanguka.

Mwaka 1987 vikawa 5. Wanachama wengi wakaridhia kuungana na Liberal. Owen akagoma, na Machi 1988 walipoungana yeye akabaki na kipande chake. Hapo namlaumu kabisa. Tazama uchaguzi mdogo wa Richmond, Yorkshire, Februari 1989: chama tawala, Conservative, asilimia 37, SDP ya Owen 32, chama cha walioungana 22. Jumlisha hizo mbili za mwisho.

Mei 1990, Bootle, mgombea wa Owen alipata kura 155, nyuma ya chama cha mzaha kilichopata 418. Mwanzoni mwa Juni Owen na wenzake wakakivunja chama chao.

Baba yako