Kayaki ya upepo inageuka ovyo: anza na pezi na presha

Ndugu yangu, unasema kayaki yako ya kujaza upepo inageuza omo, yaani sehemu ya mbele, kila ukipiga kafi, na baada ya nusu saa mabega yanawaka moto. Usiiuze bado.

Ipindue utazame chini, upande wa tezi, yaani nyuma. Lile pezi dogo umelifunga? Wengi huliacha mfukoni, na bila hilo chombo chepesi namna hiyo huteleza kama jani. Kisha presha: jaza hadi kiwango kilichoandikwa na watengenezaji, ukitumia kipimo cha pampu, si kubonyeza kwa kidole gumba. Ukishaiweka majini, ngoja dakika 10 upime tena, kwa kuwa hewa ikipoa husinyaa na kayaki hulegea. Ukiianika juani fanya kinyume, punguza hewa kidogo, la sivyo mishono itafumuka.

Mabega yanauma kwa sababu unavuta kwa mikono mitupu. Zungusha kiwiliwili, kafi lichovye karibu na vidole vya miguu, ulitoe likifika usawa wa nyonga.

Ila jambo linalonitia hofu kwako ni upepo. Kayaki hizi huelea juu sana, hivyo hushika upepo kama tanga. Anza kwa kuukabili ungali na nguvu, urudi ukisukumwa. Ukivuma kutoka nchi kavu kwenda majini, tafadhali usiingie siku hiyo, hata kama ufukweni kumetulia tuli. Na jaketi okozi livae mwilini, usilikalie.