Oili ya sintetiki: giaboksi na difu zisinyweshwe kopo moja bila kusoma kitabu

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina pikapu ya gia za mkono, nabeba viazi kutoka Njombe hadi Dar es Salaam. Muuzaji wa spea alinipa oili ya sintetiki 75W-90 GL-5, akasema inafaa giaboksi na difu. Tangu niiweke, gia ya pili na ya tatu zinakwaruza, hasa asubuhi. Nimeuziwa feki?
Msomaji, Njombe

JIBU: Si lazima iwe feki, ndugu yetu. Oili nzuri ikiwekwa mahali pasipo pake huleta shida hiyohiyo. Wengi hudhani GL-5 ni GL-4 iliyoboreshwa, lakini namba hizo ni madaraja yanayoeleza aina ya kazi ya oili ya gia, wakati 75W-90 inaeleza unene wake.

Kwenye difu, pinioni (gia ndogo) hukaa chini ya kitovu cha krauni (gia kubwa), kwa hiyo meno yake huburuzana kwa nguvu huku yamebeba uzito wote wa gari. Ndiyo maana GL-5 hutiwa viungo vya salfa na fosforasi, takriban mara mbili ya GL-4, ili vijenge utando juu ya chuma pale joto na mgandamizo vinapozidi. Giaboksi ni habari nyingine. Pete za sinkronaiza, zinazolinganisha mizunguko ya gia kabla hazijaingia, nyingi zikiwa za shaba, hufanya kazi kwa kushika. Zikiteleza kupita kiasi, meno yanakutana kabla mizunguko haijalingana, na hapo ndipo unasikia mkwaruzo. Zaidi ya hapo, salfa kali ikipata joto huila shaba polepole.

Kwanza soma kitabu cha gari. Kikitaja GL-4 pekee, mwaga uliyoweka ujaze sintetiki 75W-90 GL-4, na GL-5 ibaki kwenye difu. Vitabu vingine vinaruhusu zote mbili. Subaru za gia za mkono zinataka GL-5 kwa sababu difu ya mbele imo ndani ya giaboksi. Kopo likiandikwa “GL-4/GL-5”, tafuta maneno ya mtengenezaji kwamba ni salama kwa sinkronaiza, yasipokuwepo, liache. Baada ya kubadilisha, tembea siku chache. Mkwaruzo ukibaki, pete zimelika na hakuna oili itakayozirudisha. Kama hata rivasi inakwaruza, anza na klachi: huenda haiachii vizuri.

SWALI: Je, kwa Hiace ya abiria hapa Mombasa, sintetiki inastahili bei yake?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa kazi hiyo, oili ya madini 80W-90 inayobadilishwa kwa wakati inatosha, mradi kitabu kinaikubali. Giaboksi na difu zikishapata joto, 75W-90 na 80W-90 zote ni daraja la 90 la unene. Tofauti kubwa iko kwenye baridi, na Mombasa haina baridi ya kuhesabu. Sintetiki hulipa pale joto linapodumu: mzigo mzito, kuvuta tela, au kupanda mlima mkali kama Kitonga, Iringa, kwa gia ndogo. Na namba 90 isikutishe, kwani vipimo vya oili ya gia ni tofauti na vya injini. Unene wake unakaribiana na oili ya injini ya SAE 40 au 50.

SWALI: Baada ya kuweka sintetiki, difu inavuja kwenye sili. Nirudi kwenye oili ya zamani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usirudi kabla hujakagua breza, kile kipumuo kilicho juu ya eksili. Kikizibwa na tope, hewa yenye joto hukosa njia ya kutoka na kuisukuma oili kwenye sili. Ubaya wa pili huja ukivuka mto: eksili yenye joto ikipoa ghafla huvuta maji ndani. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, imwage siku hiyohiyo, hata kama ni sintetiki ya jana. Breza ikiwa safi na uvujaji ukaendelea, sili imechoka, ibadilishe.

Unapobadilisha oili, endesha gari dakika 10 hadi 15, liegeshe pasipo mteremko, kisha fungua boliti ya kujazia KABLA ya ile ya kumwagia. Tumeona difu zimemwagwa, halafu boliti ya juu ikagoma kufunguka, na gari likabaki kavu gereji. Angalia sumaku: uji laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vya chuma ni ishara ya jino au beringi iliyovunjika. Weka washa mpya, jaza mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu, acha ya ziada itiririke, ndipo ufunge.

Kama difu yako ni ya LSD (inayozuia tairi moja kuzunguka bure) yenye sahani za klachi, nunua GL-5 iliyoandikwa LSD. Ya kawaida huzifanya sahani zishike na kuachia, na gari hutetemeka kila unapokata kona.