Macho Yasiyouma Nayo Yapimwe

Wengi ninaofanya nao kazi katikati ya jiji la Nairobi hulalamika kwamba macho yao yanakuwa makavu na mazito ifikapo alasiri, na karibu wote huilaumu kompyuta. Tatizo kubwa ni kwamba tukikodolea kioo macho tunasahau kupepesa, na machozi yanayolilainisha jicho hukauka. Mimi hujitahidi, kila baada ya dakika 20, kuinua uso na kutazama kwa sekunde 20 kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi. Mabango ya ng'ambo ya barabara yananitosha.

Jua la hapa nalo tusilidharau. Nairobi iko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo miale ya jua ya urujuanimno (UV), ile isiyoonekana kwa macho, ni mikali hata siku yenye ubaridi. Unaponunua miwani ya jua, tafuta alama ya UV400, inayoonyesha kwamba kioo chake huizuia miale hiyo, kwa maana weusi wa kioo peke yake si kinga: mboni hupanuka gizani na kuipokea miale hiyo kwa wingi zaidi.

Linalonitia hofu zaidi ni matone. Vumbi la Januari na Februari likianza, watu hufikicha macho, kisha hukimbilia kwenye duka la dawa kuomba matone yaleyale yaliyomsaidia jirani. Baadhi yake yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ambayo huondoa wekundu upesi, lakini yakitumiwa kwa wiki nyingi bila uangalizi wa daktari yanaweza kupandisha presha ya jicho na hata kusababisha mtoto wa jicho. Kwa vumbi tu, nawa kwa maji safi, na usifikiche.

Presha hiyo naitaja kwa uchungu, kwani baba yangu alipofuka jicho la kushoto kwa glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi presha hiyo inapopanda, bila kuumwa hata kidogo. Aligundua siku alipoziba jicho la kulia ili atoe kijiti kilichomwingia, akakuta giza. Neva ya jicho ikishaharibika hairudi, ila dawa huweza kuulinda uwezo wa kuona uliobaki. Ugonjwa huu hufuata ukoo, na sisi Waafrika tumo katika hatari kubwa zaidi, kwa hiyo mimi na ndugu zangu hupimwa kila mwaka. Ukifika kliniki, usiridhike na kusomeshwa herufi za ukutani tu. Omba upimwe presha ya jicho na neva ichunguzwe, na umweleze daktari kama kuna mzazi au ndugu yako aliyewahi kuugua.