Bi Picha Anajibu: Urojo Umetoka Kama Tope

SWALI: Asalaam alaykum, Bi. Mie nakaa Jang'ombe, Unguja, na nina watoto watatu. Skuli zimefungwa na watoto wa majirani wote wanashinda barazani kwangu wakigombana. Nikaona niwafundishe kupiga picha: tutembee mtaani, tupige vyakula vyetu na watu wanaovipika. Wako saba, mdogo ana miaka minane, mkubwa kumi na tatu. Simu ni mbili tu, moja kioo kimepasuka. Siku ya kwanza walirudi na mamia ya picha, nusu yake visigino vya watu. Urojo umetoka kama tope. Tena muuza mishikaki mmoja alitufokea mbele za watu. Niendelee, au niwape karata wacheze? – Mama wa Barazani

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Karata ziweke kabatini.

Simu mbili kwa watoto saba ni neema, usiazime nyingine. Akipiga mmoja, mwenzake anatoa salamu na kuomba ruhusa, wa tatu anaangalia vespa na mafuta ya moto. Halafu wanabadilishana. Kila mtoto mpe picha kumi na mbili kwa siku, na hakuna kufuta. Hesabu hiyo siitoi hewani: filamu ya 120, kwenye kamera za picha za mraba tulizojifunzia sisi, ilikuwa inatoa kumi na mbili basi, na kila moja ni pesa. Mtoto akijua ya kumi na tatu haipo, anasimama kwanza, anaangalia, ndipo anabonyeza. Visigino vitapungua vyenyewe.

Sasa chakula. Mmeanza na urojo, na urojo ndio mgumu kuliko vyote. Anzeni na vitumbua, asubuhi, kwa mama yeyote wa mtaani kwenu anayewajua watoto kwa majina. Nendeni mapema, jua likiwa bado chini. Mtoto asimame mahali ambapo jiko liko kati yake na jua, na nyuma ya jiko kuwe na kitu cheusi: mlango ulio wazi, ukuta wenye kivuli. Wengi wanafundisha jua liwe mgongoni, na kwa picha ya pasipoti ni sawa. Lakini moshi na mvuke havionekani hivyo. Vinaonekana mwanga ukitokea nyuma yake. Aguse kioo pale penye chuma cha vitumbua, kisha ateremshe kidole taratibu picha iingie giza kidogo. Hapo ataona mvuke unasimama peke yake. Jua likimwingia kwenye lenzi, mwenzake amkingie kwa kiganja. Na kabla ya yote hayo, lenzi ifutwe kwa ncha ya kanga safi. Nusu ya ukungu mnaousema kwenye picha za watoto ni mafuta ya vidole.

Amngoje yule mama anapokigeuza kitumbua. Upande wa chini unatoka juu, umeiva rangi ya dhahabu, vingine pembeni bado vyeupe, na ule mkono ndio habari yenyewe. Asivute picha kwa vidole, inaharibika. Na asogee kwa miguu, lakini si karibu kuliko hatua mbili kutoka kwenye mafuta. Hilo halina mjadala hata mtoto akilia.

Nirudi kwenye urojo wenu. Naweza kuapa mlipiga kutoka juu, jioni, chini ya taa nyeupe ya genge, na mtoto keshaukoroga. Rojo ni tambarare na lina rangi moja. Ukilitazama kutoka juu halina pa kushika jicho. Taa ile nyeupe ikichanganyika na mwanga wa jioni, manjano inageuka ukijani. Nendeni alasiri, bakuli liwekwe kwenye ukingo wa meza, mwanga utokee ubavuni, simu ishuke karibu usawa wa bakuli. Muuzaji anaanza na viazi, bajia, kachori na mishikaki, anamwagia rojo, kisha chatini ya nazi na pilipili, mwisho chipsi za muhogo juu. Zile chipsi zikishaloa, picha imekwisha. Kwa hiyo mpiga picha awe tayari kabla upawa haujashuka. Flashi izimwe, inapiga kwenye rojo na kuacha doa jeupe.

Yule wa mishikaki alikuwa na haki yake. Watoto saba wenye simu mbele ya jiko la mkaa wanafukuza wateja, na yeye hajui picha inakwenda wapi. Rudini wawili tu. Salamu kwanza, nunueni, kisha ombeni kwa maneno: "Baba, tunajifunza kupiga picha, tunaruhusiwa kupiga mkono wako tu?" Akikataa, ahsante, mnakula mishikaki yenu. Akina mama wengi hawataki sura zao zipigwe, na mikono yenye hina inayosukuma chapati inatosha kabisa, mie naipenda zaidi. Picha zisiwekwe mtandaoni. Zilizo nzuri zichapishwe, watoto wenyewe wazipeleke kwa wenye mikono. Baada ya hapo mtaombwa mje.

Wakishakuwa na subira, lifuateni bakuli kwa nyuma. Huo muhogo umetoka wapi, nani kakuna nazi, manjano kauza nani? Hapo mtafika Darajani, soko lililojengwa 1904. Nenda na watoto watatu kwa zamu, si saba. Na mkiwa mjini saa sita mchana, msirudi nyumbani kwa sababu ya jua. Sisi tuko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, mchana jua la utosini linatia kivuli machoni, kweli. Lakini ingieni kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Ukuta wenye chokaa unapokea jua huku na kulimwaga kule, likiwa laini, na muuza kahawa aliyekaa barazani anapata uso mzuri kuliko wa studio yoyote. Forodhani usiku iacheni mwisho: giza, moshi, taa za kila rangi, na wauzaji waliozoea kupigwa picha na wageni hata wanajipanga wenyewe.

Jambo moja zaidi, kwa wale wakubwa. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930, na picha za mji wa zamani zilizotoka studio ile zimeenea. Watafutie moja ya mtaa wanaoujua, wakasimame palepale alipoweka kamera. Kujua kwa nini alisimama pale na si hatua tatu kushoto ni somo la mchana mzima.

SWALI: Bi Picha, binti yangu ana miaka kumi, kila siku ananiomba kamera kubwa kama ya wapiga picha za harusi. Nimnunulie? – Baba, Chake Chake

JIBU: Usinunue bado, baba. Kamera ile ni nzito kwa mikono ya miaka kumi, na atashughulika na vitufe badala ya watu. Mpe simu yako Jumamosi asubuhi, umpeleke sokoni, na umwambie alete picha za samaki wa aina moja tu: kwenye beseni, kwenye mizani, kwenye kikapu cha mnunuzi, na kwenye sufuria kwenu. Akileta zote nne na bado anaomba kamera, mtafutie ndogo iliyotumika, na ukague kwanza kama betri yake bado inauzwa.