Wataalamu wa epidemiolojia: tuwapateje, na tufanyeje wasiondoke?

SWALI: Kwako Mshauri, salamu. Mimi ni afisa wa rasilimali watu katika idara ya afya ya kaunti mojawapo ya Pwani ya Kenya. Kila tunapotangaza nafasi ya mtaalamu wa epidemiolojia, yaani anayechunguza magonjwa yanatoka wapi na yanaeneaje, tunadai shahada ya uzamili na tajriba ya miaka 3, basi. Wa kwanza tuliyemwajiri alikuwa na vyeti vizuri, lakini kipindupindu kilipozuka alishindwa kutuambia wagonjwa waliambukizwa wapi. Aliyemfuata alikuwa hodari, naye akatuacha kabla mkataba wake haujaisha. Nasikia kuna nchi zinazoajiri wataalamu hawa kwa kupima umahiri wao. Je, njia hiyo itatufaa?

JIBU: Itawafaa, ndugu yangu, mradi orodha ya umahiri isifungiwe kwenye faili mara tu bodi ya ajira inapoipitisha. Mfano ninaoujua vizuri ni wa Marekani, ambako taasisi ya kudhibiti magonjwa ya nchi hiyo, CDC, ikishirikiana na CSTE, baraza la wataalamu wa epidemiolojia wa majimbo, ilianza mwaka 2004 kuandika umahiri unaohitajika katika kazi hii. Orodha hiyo, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023, haikuishia kwenye uchambuzi wa takwimu: ilihusisha pia mawasiliano, kufanya kazi na jamii, kuheshimu tamaduni, mipango ya fedha, uongozi na utungaji wa sera.

Kwenu mngeanza na tangazo lenyewe. Badala ya kuandika “awe na ujuzi wa ufuatiliaji wa magonjwa”, andikeni kazi atakayoifanya: kuamua ni dalili zipi zinazomfanya mtu ahesabiwe mgonjwa, kusafisha orodha ya wagonjwa, kuchora grafu ya mlipuko kwa tarehe walizoanza kuugua, na kuieleza kamati ya kaunti kwa lugha inayoeleweka.

Kisha usaili uyapime hayo hayo. Mpeni kila mwombaji kompyuta, saa 2, na orodha ya kubuni ya wagonjwa 40 walioharisha baada ya harusi, yenye kasoro zile zile zinazotoka zahanati: tarehe zilizogeuzwa, umri uliosahaulika, na mgonjwa mmoja aliyeandikwa mara mbili, kwanza Mwanaisha na baadaye Mwana Aisha wa kijiji kile kile. Atakayeanza kupiga hesabu bila kuikagua orodha atakuwa amejidhihirisha. Anayefaa atalinganisha walioyanywa maji ya tangi la harusini na wasioyanywa, aandike ukurasa mmoja wa mapendekezo, na aseme waziwazi ni lipi ambalo takwimu hizo haziwezi kuthibitisha. Hilo la mwisho mimi ningelipa alama nyingi zaidi, maana mtu anayejua mipaka ya takwimu zake ndiye atakayewaepusha na uamuzi wa pupa.

Kuhusu kuwabakisha, kuna jambo moja katika mpango huo wa Marekani ninalotamani kila kaunti ilichukue. Kuna ngazi ya kuanzia na ya kati, halafu ngazi ya juu inagawanyika: wapo wakuu wanaosimamia watu na bajeti, na wapo wakuu wanaobaki wanasayansi waliobobea. Penye njia moja tu ya kupanda, mtaalamu wenu bora hulazimika kuacha kuchunguza milipuko na kuanza kupanga magari na likizo ili mshahara wake uongezeke, na asiyetaka maisha hayo huondoka. Mfungulieni njia ya pili, yenye cheo na malipo yanayolingana na ya kwanza. Kila mwaka keti naye, mkubaliane ni umahiri gani anaoukosa ili apande, kisha mtengee fedha za mafunzo hayo.

Sitakuficha kwamba orodha hii haimlipii mtu kodi ya nyumba. Ikiwa nafasi yake inategemea fedha za mradi wa mfadhili, ataanza kutafuta kazi kwingine miezi kadhaa kabla mradi haujafungwa, na hapo dawa ni kuiingiza nafasi hiyo kwenye bajeti ya kudumu ya kaunti.

SWALI: Mimi ni afisa wa afya ya umma niliyehitimu yale mafunzo ya epidemiolojia ya miezi 3. Je, nithubutu kuomba kazi hizi bila shahada ya uzamili?

JIBU: Ikiwa tangazo linaidai shahada hiyo kama sharti la lazima, utaondolewa mapema. Penye nafasi ya ngazi ya kuanzia, omba. Mpango wa mafunzo ya epidemiolojia nyanjani, ambao Kenya inao tangu mwaka 2004, una hatua hiyo ya miezi 3, ya kati, na ya juu inayochukua miaka 2, na kila hatua hufundishwa kwa kazi halisi. Ambatisha basi ripoti ya mlipuko uliochunguza mwenyewe, ukiwa umeondoa majina ya wagonjwa, na ueleze ni sehemu ipi uliyoifanya wewe na ipi waliyoifanya wenzako.