HSA, akaunti ya akiba ya matibabu, ilipozidi: nilivyozitoa dola 950 kabla ya tarehe 15 Oktoba

"Shikamoo kaka. Mwaka jana nilibadilisha kazi katikati ya mwaka, na kote walinikata HSA. Nimejumlisha W-2 zote mbili (zile karatasi za mwaka za mshahara na makato), nimepita kiwango cha juu cha mwaka. Nifanyeje?" Ujumbe huu umenifikia Jumapili usiku kutoka kwa dada mmoja muuguzi aliyeko Texas. Kusema kweli ulinirudisha mbali, maana yaliyompata ndiyo yaliyonipata mimi.

Mwaka 2024 niliacha kazi moja hapa Ohio mwezi Juni, nikaanza nyingine Julai. Kote nilichukua bima ile ambayo unajilipia sana kabla haijaanza kukulipia, kwa hiyo kote nilifunguliwa akaunti ya akiba ya matibabu. Nilijisifu sana: wenzangu wanatupa hela, mimi naweka, tena kabla ya kodi. Mwajiri wa kwanza alinikata na kuniongezea jumla ya dola 2,700. Wa pili, 2,400. Kiwango cha mtu mmoja mwaka ule kilikuwa dola 4,150. Hakuna mwajiri aliyekosea, kwa sababu hakuna aliyejua mwenzake ameweka nini. Wa kujumlisha nilikuwa mimi.

Mtu aliyenifanyia kodi nilimuuliza kabisa: hizi herufi W kwenye kisanduku cha 12 cha W-2 ni nini? Akaniambia niachane nazo, kumbe ndizo zinazoonyesha pesa zilizowekwa HSA. Nilimlipa, nikamshukuru. Mpaka leo inaniuma, kwani nilimwamini kama ndugu.

Mwezi Juni 2025 fomu 5498-SA, zile za kuonyesha jumla iliyowekwa HSA, zikaja kwa posta. Nikachukua kalamu: 5,100 kutoa 4,150, dola 950 zimezidi. Zikikaa humo, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inatoza asilimia 6, yaani dola 57, na inatoza tena kila mwaka ambao bado zimo. Sikulala.

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimefaili, yaani nimewasilisha ritani yangu ya kodi, kwa wakati. Aliyefaili kwa wakati ana miezi sita baada ya Aprili, yaani hadi tarehe 15 Oktoba, kutoa ziada pamoja na faida yake na kukwepa ile asilimia 6. Nikapiga simu benki. Mhudumu akataka nichukue pesa kwa kadi tu, kama mtu anayelipia dawa. Nikakataa! Ukizitoa hivyo bila matumizi ya matibabu, unalipa kodi na adhabu ya asilimia 20 juu yake. Omba fomu ya kuondoa michango iliyozidi, utaje mwaka husika. Nilirudia sentensi hiyo mara tatu mpaka wakanitumia. Zikatoka 950 pamoja na faida ya dola 31.

Kisha nikakaa mezani mwenyewe, bila mtu wa kodi, nikajaza 1040-X, fomu ya kurekebisha ritani, na 8889 mpya, fomu ya HSA. Zile 950 zilikatwa kabla ya kodi, hazikuwamo kwenye kisanduku cha 1 cha W-2, cha mshahara unaotozwa kodi, hivyo nikaziandika kama mapato mengine ya 2024 na kuzilipia kodi. Juu kabisa nikaandika kuwa ninawasilisha chini ya kifungu 301.9100-2, kile kinachotoa ile miezi sita. Zile 31 ni za ritani ya 2025, mwaka niliozitoa. Nilijaza kila mstari kwa mkono wangu, na ninajivunia.

Ndugu zangu, tunafanya kazi usiku na mchana, tunatuma nyumbani, halafu karatasi za kodi tunaziogopa kama za mahakama. Zisomeni! Jumlisheni herufi W za waajiri wote kabla ya kumpa mtu yeyote W-2 zenu. Ukihama kazi, siku hiyohiyo mwambie mwajiri mpya umeshaweka kiasi gani. Na jumlisheni, narudia, jumlisheni wenyewe.

Dada yangu wa Texas, wewe una nafuu kuliko mimi kwa sababu hujafaili bado. Kiwango cha 2025 kilikuwa dola 4,300 kwa bima ya mtu mmoja na 8,550 kwa ya familia. Angalia kwanza yako ni ipi. Itoe ziada kabla ya tarehe 15 Aprili, iandike kama mapato mengine kwenye ritani hii hii, na 1040-X hutaihitaji. Piga simu benki kesho asubuhi kabla hujaingia zamu, na usikubali wakuambie utumie kadi.