Barua kwa mwanangu: maziwa yalipokosea njia

Mwanangu,

Umeuliza kama umlaze mtoto kifudifudi, maana juzi usiku alipaliwa na maziwa. Hapana, mlaze chali. Akiwa chali, koo la hewa huwa juu ya umio, yaani njia ya chakula, na anachocheua hakipandi hadi koo la hewa kwa urahisi. Akiwa kifudifudi, koo la hewa ndilo huwa chini. Sisi wenyewe tulifundishwa kinyume, nawe tulikulaza hivyo.

Ila mimi nilipoisoma barua yako nilitafuta kwanza: nani alishika chupa? Na mtoto alikuwa macho?

Unakijua kisa cha kaka yako, lakini umekisikia kwa mama yako, naye hunihurumia anapokisimulia. Alizaliwa wiki ya 33 ya mimba, wakati kunyonya, kumeza na kupumua bado havijapatana. Usiku ule alikwisha kuwa nyumbani, mama yako amelala. Chupa ilibaki na maziwa kidogo tu. Akageuza uso. Nikamrudishia chuchu mdomoni. Mtoto hujua kipimo chake, mwanangu, lakini mimi nilitaka chupa iishe.

Hakukohoa. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo: hakukohoa hata kidogo, midomo ikageuka buluu kimyakimya. Nikamlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini, nikampiga mgongoni mpaka akalia. Nikadhani yamekwisha. Baada ya siku mbili alihema mbiombio, kifua kinabonyea, na eksirei ikaonyesha doa jeupe sehemu ya juu ya pafu la kulia. Daktari alinichorea: njia ya hewa ya kulia ni pana na imenyooka zaidi, na mtoto aliyelala chali, maziwa humwendea sehemu ya juu. Mafuta yake huwasha pafu. Yakiwa yametoka tumboni na asidi, huunguza. Vifuko vya hewa huvimba na kujaa majimaji, kisha nimonia hupata pa kukaa.

Likitokea mara moja tu, mara nyingi pafu hujisafisha. Kinachotisha ni kurudiarudia, maana njia za hewa huweza kupata makovu na kutanuka zisirudi tena.

Labda angepaliwa hata mikononi mwa mama yako. Labda. Lakini aligeuza uso, nami nilimwona. Mtoto hujua kipimo chake.

Kuhusu mumeo kumnyonyesha chupa mtoto aliye usingizini, sisemi kitu. Nimeandika sentensi mbili hapa nikazifuta. Yeye angalau alikuita papo hapo.

Mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Zikifika 60, au 50 akishatimiza miezi miwili, au kifua kikibonyea, au akapata homa, au akakataa kunyonya, usiniandikie mimi, nenda hospitali. Na akipaliwa kila anaponyonya, hata bila homa, daktari atazame anavyomeza.

Umeandika kwamba alikohoa sana na rangi haikubadilika. Nimelirudia neno hilo "alikohoa" mara nyingi. Ni jema. Niambie tu, chupani yalibaki kiasi gani?

Baba yako